Mhunzi Aliyening'inia kwenye Miundu Yake

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka mpaka leo. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami kijana, nna duka la zana za shamba Ghubra, hapa Maskati, na ulimi wa kupunguza bei hata ya maji ya mvua. Tajiri mmoja wa Ansab, mwenye mitende mingi, aliniagiza miundu thalathini ya kupogolea. Isipotimia kabla ya alasiri ya siku ya ahadi, alisema, atachukua ya kigeni inayoshuka bandarini.

Siku hiyo nikaenda Matrah kuichukua kwa mhunzi, Bwana Seif, mzaliwa wa Unguja, mnene, mwenye kujisifu kuliko jogoo. Agizo lile ndilo pekee lililobaki la kuiokoa karakana yake, naye alijua. Nikaihesabu miundu mara mbili. Imetimia.

"Ngoja," akasema. Akaukwamisha mundu wa kwanza kwenye boriti, akashika mpini, akainua miguu. Wallahi, mtu mzima na kitambi chake, akining'inia kama popo! Akaufanyia hivyo kila mmoja. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.

Wa mwisho ulipinda, kidogo tu. Akauweka juu ya fuawe, akauvunja kwa nyundo.

"Bwana Seif, una wazimu? Ningeuchukua kwa nusu bei!"

"Na shingo yako, kijana, utaiuza kwa nusu bei? Mpanda mtende akiteleza, hunasa mundu kwenye kuti, akauning'inia. Kule juu hakuna wa kupatana naye."

"Na karakana?"

"Karakana iko chini. Ikianguka haivunji mtu mgongo." Akapuliza moto upya.

Adhana ya alasiri ilitukuta chuma bado chekundu. Tajiri akanunua ya kigeni. Karakana ikafungwa.

Siku ya kufunga nilikwenda kumsaidia kuhamisha vyombo. Nikakuta uchochoro umejaa wapanda mitende, kila mmoja na mundu wake mkuukuu kiunoni. Mmoja kampakata mjukuu. "Huyu nisingemwona, Bwana Seif," alisema, "lau si chuma chako." Nikaanza kuwahesabu. Sikufika mwisho, macho yalikataa.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kile hakikujiuza, mwanangu, na kikabaki chema. Patana bei ya kila kitu, sikukatazi, hiyo ndiyo biashara. Lakini kitu ambacho roho ya mwenzio itakitegemea usikipunguze hata kidogo. Kitegemee wewe kwanza, kwa uzito wako wote.

Mola akujaalie mkono usiodanganya, na kila utakapopanda, akushushe salama. Amin.