Makaburi ya Mama Ngoie na Mustari wa Telefone

Ile siku ya kwanza niliingia mu kazi ya kupima mipaka, shefu wa ekipi, mukubwa wa kikundi chetu, aliangalia mvi zangu, kiisha akauliza benzake: “Na huyu papa, nani atamubeba mu mugongo?” Balicheka bote. Nikamujibu: “Minyi nilibeba traverse za reli, mwana. Weye njo utaomba nikubebe.” Traverse, kwa ninyi vijana, ni ile miti nzito inalala chini ya chuma za reli. Lakini mukiniacha nianze mambo ya reli hatutamaliza. Masomo yangu yaliishia ku shule ya primere, na mule mu primere nilifukuza panzi kuliko kusoma. Nilijua Kiluba na njia za miguu, njo sababu balinichukua.

Kampuni moja ilitaka kulima mizabibu inje ya Kamina, upande wa barabara ya Kabongo. Sisi zabibu tulizisikia kanisani tu. Muke wangu aliuliza kama inapikwa na sombe, majani ya mihogo. Mbele ya kupanda, ilitakiwa kujua mashamba ya bantu ba mugini iko wapi, isiguswe. Unafungua aplikasyo mu telefone, unangojea satelite, zile mashini zinapita juu sana, zikuone. Chini ya miti minene hazikuone muzuri: telefone inasema uko kule, na miguu yako iko hapa. Kiisha unatembea ku mupaka, na mustari unakufuata nyuma mu telefone. Ukirudi pale ulianzia, mustari unajifunga. Ile njo poligoni. Ndani ya poligoni ni shamba ya muntu. Inje yake, kama hakuna mwengine aliitembea, kampuni iliita udongo wa bule, na udongo wa bule ilikuwa yao.

Balinituma kwanza ku mashamba ya ku mabonde, chini ya shefu wa ekipi. Alikuwa kijana wa kofia, musemaji, lakini wa haki. Sheria yake ilikuwa moja: “Mwenye shamba njo anashika telefone. Papa, usimurekebishe. Miguu yake njo sahihi.” Sheria nzuri, kwa sababu mbele yetu bapimaji balichora mashamba ya bantu bakiwa mu motokari. Kweli, balikuwako benye werevu. Mumoja alishika telefone akakimbia nayo mupaka mu mihogo ya shemeji yake, shemeji anamufuata na jembe, sisi nyuma tunapiga kelele. Tulicheka siku ile.

Kiisha balinihamisha karibu na barabara, kule alikaa Mama Ngoie. Alikuwa mujane wa muntu wa reli. Alilima mahindi na mihogo, na ku mwisho wa shamba alizika bwana yake na vijana wake wawili. Nikamusalimia kwa Kiluba, “Wakomapo, mama,” nikamupatia telefone. Aliishika sawa sahani ya moto.

Alitembea muzuri mupaka ku makaburi. Pale akapinda, akapita upande wa mahindi, akaacha makaburi inje.

“Mama,” nikamuambia, “zunguka kule nyuma yao. Bakae ndani.”

Akasimama. “Tata, weye ulizaliwa wapi? Nizungushe benye kufa sawa mbuzi ku kamba?”

“Mashini itasema pale ni bule.”

“Shamba njo yangu. Bale si bangu, minyi njo muntu wao. Nitembee nyuma yao na hii kitu, niwapime sawa mihogo?”

Na mimi nilijua anasema kweli. Kwetu hakuna muntu anasema kaburi ni shamba yake. Bote tunapita pembeni, na kila muntu anajua. Ile mashini peke njo haikujua. Mama Ngoie akafunga mustari wake, akanirudishia telefone, akanipatia na mahindi ya kuchoma.

Nilipeleka neno ku biro, kwa Injeniere, mukubwa wa ramani. Hakuwa muntu mubaya. Alifungua picha ya satelite, akaangalia muda murefu.

“Sioni kaburi. Naona majani.”

“Injeniere, iko pale. Niliiona na macho.”

“Mama alitembea yeye mwenyewe?”

“Njo yeye.”

“Basi nikigusa mustari ya mama mumoja, kesho mugini yote itasema nabadilisha mistari. Arudi, atembee tena. Nitaifuta ile ya kwanza.”

Nikarudi. Shefu wa ekipi naye akaja, akapiga magoti mbele ya mama, kofia mu mukono. “Mama, nakuomba. Hatua kidogo tu.” Mama akamuinua. “Mutoto wangu, uko na malezi. Lakini hapana.”

Ku kiangazi trakta ikapita. Ilisawazisha pale pote, misalaba ikaingia chini ya udongo, bakasimamisha nguzo na waya za kupandishia mizabibu, na senyenge ya kuzunguka. Mama Ngoie alisimama ku mahindi yake, anaita majina ya watu wake, jina moja, anapumua, jina lingine. Dereva alizima trakta, akangoja amalize. Kiisha akaiwasha.

Mimi magoti yalichoka, bakaniambia nipumzike, na kupumzika njo hii munaiona. Vijana bananiuliza kama telefone inadanganya. Haidanganye. Inaandika pale ulikanyaga, na sisi kuna mahali tunaheshimu kwa kutokanyaga. Sijui nani angeifundisha ile. Mizabibu yenyewe ilikauka, kampuni ikaenda, lakini ku biro ramani ni ile ile, na mulinzi bado analipwa akae ku mulango wa senyenge.

Mama Ngoie alikufa mu majira ya mvua. Tulimuomba mulinzi afungue, tumulalishe karibu na bwana yake. “Bapapa, munihurumie,” akasema, “nikifungua, kesho sina kazi.” Tukachimba ku mahindi, upande huu wa senyenge, karibu sana. Binti yake akapitisha mukono kati ya waya, akachota udongo wa kule, akaumwaga juu ya mama yake. Akachota tena. Waya ilimukata, na hakuna aliyemuambia aache.