Mstari wa Ngozi kwenye Slaidi ya Sijali

Shaka iliyonikosesha usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini ilihusu mstari mwembamba wa ngozi ya mbwa. Chini ya hadubini mstari ule ulikuwa bluu mtupu, nami nilikuwa nimekwisha kuandika jibu na kulitia saini. Nilijiambia kwamba ngozi hainihusu, kwamba niliulizwa habari za uvimbe tu. Kila nilipofika hapo, nilianza kufikiri upya.

Ninyi mnaoanza kazi za maabara leo mna mashine zinazowafikiria nusu ya mambo. Sisi tulifikiri wenyewe, na mimi nilifikiri kupita kiasi.

Nilifika Dodoma nikitokea chuoni Morogoro, miaka ile ya kuingia soko huria. Majosho ya serikali ya kuogeshea mifugo yalikuwa yanakauka, maduka binafsi ya dawa za mifugo yanachipuka, na kila mtumishi anajiuliza kama jina lake limo kwenye orodha ya kupunguzwa. Nilipanga chumba mtaa wa Nkuhungu kwa Mama Neema, nikaripoti maabara ya mifugo na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Mkuu wa Maabara hakuifungua. Alinikalisha kwenye mashine ya kukata, akanipa kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta, akataka nikikate kwa wembamba wa kuona mwanga upande wa pili. Mpaka saa nane mchana vipande vyote vilikuwa vimejikunja kama majani makavu.

“Unabana pumzi,” alisema. “Pumua, binti. Nta inajua mtu mwenye hofu.”

Nikapumua. Kilichofuata kikaelea juu ya maji ya uvuguvugu, kimenyooka.

Tulikuwa na mradi wa kuchunguza uvimbe wa chuchu za mbwa. Seli inayojiandaa kugawanyika hutoa protini fulani. Tulidondoshea slaidi kingamwili inayoinasa protini hiyo, kisha rangi: seli zenye protini zikawa kahawia, nyingine zikabaki bluu. Kahawia ikiwa nyingi, uvimbe unakua mbio. Kila mara tuliweka pembeni slaidi ya uvimbe tunaoujua, tuliyoiita kontroli, ili itushuhudie kwamba dawa imefanya kazi.

Sijali, mbwa wa kulinda zizi, aliletwa na Bi Zaina, mjane wa Chemba mwenye mbuzi wengi na fisi wengi zaidi. Alisafiri naye juu ya lori, kwenye tenga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Utingo kaniuliza njia nzima mgonjwa wangu yuko wapi. Nikamwambia, si huyo anayekutazama!” Alicheka, kisha akaacha. “Wananisema nyumbani, mwanamke wa swala tano kuhangaika na mbwa. Mimi swala zangu na mbwa wangu kila kimoja kina mahali pake. Lakini huyu akinyamaza usiku mmoja tu, asubuhi nahesabu mifupa.”

Daktari mpasuaji alitoa uvimbe mkubwa na kipande cha ngozi juu yake. Kwenye chuchu iliyofuata kulikuwa na uvimbe mwingine, mdogo kama punje ya choroko. Jibu letu likionyesha kahawia nyingi, angekata mstari mzima wa chuchu mapema, kabla ugonjwa haujafika mapafuni. Likionyesha kidogo, angemwacha Sijali apone aende zake.

Sampuli ile ilikaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Siku moja au mbili zilitosha. Mkuu alikuwa safarini, nami nilihofia kuitoa mapema ikaharibika. Leo nikasema kesho, kesho nikasema ikae kidogo tu kwa usalama. Ilipotoka, wiki tatu zilikuwa zimepita.

Slaidi ya Sijali ikatoka bluu yote. Kontroli ikatoka kahawia safi. Nikaandika: hakuna seli zinazogawanyika. Mkuu, aliyekuwa amerudi, akatia saini chini ya yangu. Bi Zaina akarudi Chemba na mbwa wake, akiniombea dua.

Nilipokuwa narudisha slaidi kwenye sanduku ndipo nikaitazama ile ngozi. Ngozi ya mnyama yeyote aliye hai hujifanya upya. Seli za chini yake hugawanyika kila siku. Hapo lazima paonekane kahawia. Hapakuonekana. Basi slaidi haikuwa imesema hapana. Haikuwa imesema kitu. Fomalini ya wiki tatu ilikuwa imezifunga protini zote. Kontroli ilitoka kwenye nyama iliyokaa siku moja tu, kwa hiyo ilishuhudia kuhusu dawa, si kuhusu uzembe wangu.

Katika jarida moja kabatini nilisoma kwamba ukichemsha slaidi kwa presha ndani ya maji yenye chumvi ya asidi ya ndimu, protini zilizofungwa hufunguka. Tatizo lilikuwa kingamwili. Mradi ulikuwa ukingoni, na kichupa kilibaki na matone ya slaidi mbili tu. Nikaenda kwa Mkuu.

“Matone hayo ni ya wageni,” alisema. “Wanakuja kutazama tunafanya nini. Wao ndio watakaosema maabara hii ibaki au ifungwe.”

“Najua, Mkuu.”

“Na huyo ni mbwa mmoja.”

“Ndiyo, Mkuu. Lakini jibu ni langu.”

“Ni letu. Saini yangu ipo.” Aligeuza kichupa kwenye mwanga wa dirisha, muda mrefu. “Na ukichemsha ukakosa?”

“Nitakuwa nimemaliza dawa bure.”

“Umewaza hayo yote?”

“Tangu wiki iliyopita, Mkuu.”

Akanipa kichupa. “Basi inatosha. Hakuna kilichobaki cha kuwaza.”

Sufuria ya presha niliiazima kwa Mama Neema.

“Unapika nini?”

“Vioo.”

“Vioo! Watoto wanalilia makande, wewe unachemsha vioo?” Nikamweleza kuna nini juu ya vioo hivyo. Akaisukuma sufuria kwangu kwa kidole kimoja. “Basi ichukue moja kwa moja. Humo hayarudi makande.”

Nilikata vipande vipya, nikachemsha, nikadondosha tone kwa slaidi ya Sijali na tone kwa kontroli. Niliitazama ngozi kwanza. Madoa ya kahawia yalikuwa yamepangana chini yake kama ushanga. Halafu nikausogelea uvimbe, nao ulikuwa kahawia kila upande.

Kwenye daftari la majibu nilipiga mstari mwekundu juu ya jibu la kwanza, bila kulifuta, nikaandika la pili chini yake. Wageni walipokuja, kichupa kilikuwa kitupu. Mkuu akawaonyesha ukurasa ule na slaidi zote mbili. Maabara ilibaki. Mimi baadaye nilihamishiwa Singida, kisha Tabora, na nilistaafu nikiwa mkuu wa maabara mwenyewe. Vijana niliowafundisha walizoea kunikuta nikiitazama ngozi kabla ya uvimbe. Sikuacha kuwaza kupita kiasi. Nilijifunza tu kuuliza kama hofu yangu inamlinda mgonjwa au inanilinda mimi, na mara nyingi bado nilihitaji kuulizwa na mtu mwingine.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Chemba. Ningeweza kutuma barua. Niliiandika mara tatu, nikaichana, nikapanda lori.

Bi Zaina alikuwa anapepeta mtama. Sijali alilala mlangoni mwa zizi; alinyanyua kichwa, akanikoromea.

“Mama, jibu nililokupa lilikuwa na kosa. Kosa ni langu. Inabidi arudi akatwe tena, na inabidi iwe sasa.”

Aliuweka ungo chini. “Umetoka Dodoma kuja kuniambia umekosea?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi kaa ule kwanza. Mtu hakosolewi akiwa na njaa.”

Sikumaliza ugali. Alikuwa amekwisha kuleta tenga. Tulilibeba yeye upande mmoja na mimi upande mwingine mpaka barabarani, na lori lilipofika nilipanda nyuma, nikakaa karibu na mbwa.