Ndege Tuliyemtia Majini

Nakumbuka siku moja kule kwetu Basotu, penye ziwa, asubuhi, baada ya upepo uliovuma siku tatu. Mimi na rafiki yangu Gwandu tulimwokota ndege kando ya shamba la ngano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijana aliyemaliza shule, mwanangu, hudhani amemaliza na kujifunza.

Hatukuwahi kumwona wa namna ile. Mgongo mweusi kama masizi ya chungu, tumbo jeupe, paji jeupe, mdomo mwembamba uliochongoka, mkia wa panda kama wa mbayuwayu. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amechoka tu. Gwandu akamgeuza, akatazama miguu.

"Ana utando kama bata. Huyu ni wa ziwani, tumrudishe kwao."

"Na akizama?"

"Bata azame? Wewe shuleni ulisomea nini?"

Sisi wa ziwani tukiona utando miguuni hatufikirii jambo jingine. Bata na mwari tumewaona wakielea tangu utoto. Tukamchukua hadi ziwani, tukamweka majini kwa upole, tena tukijisifu. Alielea kidogo. Kisha manyoya yakaanza kunywa maji, mabawa yakalala, kichwa kikawa kinashuka.

Mama mmoja wa Katesh, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia, alikuwa pale akinunua samaki. Akaingia majini na viatu vyake, akamtoa, akamfunga kwenye khanga.

"Shikamoo mama," tulisema kwa aibu.

"Marahaba. Nani kawaambia huyu anaogelea?"

Gwandu akaonyesha miguu ya ndege.

"Huyu ni wa baharini, upepo umemleta. Anaishi angani miezi na miezi, hata usingizi analala akiruka. Samaki anawadokoa juu juu akipita. Manyoya yake hayazuii maji, hivyo hakai majini. Akitaka kutaga yai lake moja, anatua kwenye mchanga. Kwenu alitaka pakavu tu."

"Atapona, mama?"

"Kaeni, tuone."

Tulikaa naye juani mpaka adhuhuri. Gwandu alimkinga upepo kwa koti lake, na utani wote ulimwisha. Ndege akafa mikononi mwa yule mama, bila kelele.

"Hamkuwa na roho mbaya," alisema. "Mlitazama miguu, mkaacha kumtazama ndege."

Mwanangu, tangu hapo nimezunguka sana. Mguu wangu hautulii. Wapo walionijazia ugali nilipotaka kulala, wapo walionitandikia kitanda nikiwa na njaa. Wote walinipenda. Lakini ninaowakumbuka kwa majina ni wale waliouliza kwanza.

Kuuliza si ujinga. Mgeni akifika kwako amechoka, usikimbilie kumpa kile ambacho wewe ungekitaka. Mkalishe, mpe muda, msikilize. Wema wa haraka nao huua, na majuto ni mjukuu.

Mungu akujalie mikono myepesi kusaidia, na subira ya kuitangulia mikono hiyo. Nawe ukifika ugenini, akukutanishe na mwenyeji wa kukuuliza.