Mwende na Udongo wa Nyuma ya Shule

Nimeandika hii na kuifuta mara nne. Nikiandika “alikuwa” ni kama nimekubali, na aki ya Mungu sijakubali.

Mwende wa Kawangware alituacha Jumanne, baada ya kuugua siku chache tu. Alisomea jiolojia chuo kikuu, na kila Jumamosi alikuja kufundisha klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Mashimoni, Kibera.

Mimi huwa siongei sana. Yeye aliniuliza ninasoma kitabu gani, kisha akangoja mpaka nikajibu.

Mwaka jana wazazi walitaka kujenga madarasa ya ghorofa nyuma ya shule. Mwende akasema, “Ngojeni kwanza tujue chini kuna nini.” Akaja na kifaa kama mkebe wa rangi, akakiweka pale.

Sisi tukadhani ni kama kupimwa na daktari, lazima kuwe kimya. Mwalimu akanyamazisha shule nzima. Mama wa kinu cha posho akazima mashine ya kusaga. Kwaya ya kanisa jirani ikaacha mazoezi!

Mwende alicheka hadi akakaa chini. “Wasee, rudini kazini! Msikanyage tu karibu na kifaa.” Alitueleza kwamba watu, magari na treni huitetemesha ardhi kidogo kila wakati, na udongo laini hutetemeka tofauti na mwamba. Hiyo ndiyo data. “Nairobi ikinyamaza, mimi sina kazi.”

Majibu yalikuwa mabaya. Chini palikuwa laini sana, na ghorofa ingeweza kuinama na watoto ndani.

Babangu, fundi wa mawe na mwenyekiti wa wazazi, alikasirika. “Msichana, nimejenga Kibera hii kabla hujazaliwa.” Akapiga chini kwa kisigino. “Umeona? Ngumu!”

“Sawa, fundi. Wewe piga, mimi nichimbe.”

Nilitamani ardhi inimeze.

Alichimba kweli, na buti zake za kazi. Juu palikuwa na udongo mwekundu ulioshindiliwa. Chini yake mifuko ya plastiki, matambara, kiatu kimoja. Shimo lilipomfika kiunoni, bado palikuwa na takataka. Baba alichungulia, akaenda zake.

Jumatatu tukakuta kamba za kupimia msingi zimehamishwa kutoka nyuma ya shule hadi karibu na lango, ambapo Mwende pia alipima na kifaa kikaonyesha mwamba.

Mwende, nilikuomba radhi kwa niaba ya Baba. Ukasema, “Si amehamisha kamba? Mafundi huongea hivyo.”

Lakini jana, kwenye matanga kwenu, Baba alivua kofia mbele ya mama yako. “Mama Mwende, mimi nilikosea. Mtoto wako alichimba mbele yangu na sikumwambia hata asante. Watoto wetu wanasoma salama kwa sababu yake.” Mama yako akamshika mkono.

Nimekuandikia kwa sababu maneno hayo ulistahili kuyasikia wewe mwenyewe.

Jumamosi tunakusindikiza nyumbani Kitui, kukuzika. Lala unono, dadangu.