Farasi wa Mdogo Wangu Hakuwa na Ila

Kisa hiki tumeletewa na msomaji wetu wa Maskati. Jina lake tumelificha, na majina yaliyomo siyo ya kweli.

Admin, assalaam alaykum. Nnakuomba unifichie jina, maana Maskati ndogo, na sisi wazee tulotoka Unguja tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamme, nna miaka sitini na sita, mstaafu wa wizara moja pale Al Khuwair. Mke wangu keshatangulia mbele ya haki, na watoto hatukujaaliwa. Nakaa peke yangu Mawaleh. Zipo siku sauti yangu naisikia kwenye swala tu.

Lakini kazi ilonipa jina haikuwa ya wizarani. Miaka ya tisini nlikuwa jaji wa maumbile ya farasi, hawa wa mwendo laini, ambao ukiwapanda unaweza kushika kikombe cha kahawa kisimwagike. Kabla ya kupandwa, farasi husimamishwa mbele ya majaji. Tunamtazama shingo, bega na mgongo, kisha tunazunguka nyuma kuona kama miguu imenyooka. Mguu ukipinda, ule mwendo laini haudumu, na watoto wake huenda wakarithi. Kwa hivyo neno moja la jaji lilitosha kumfanya farasi atafutwe au akimbiwe.

Mdogo wangu wa pekee, nitamwita Salma, alifiwa na mumewe mapema akaachiwa binti mchanga na farasi jike mwenye mimba. Yule farasi akafa siku ya kuzaa. Salma akakilea kitoto chake kwa chupa ya maziwa, akakiita Nasma. Kila Alkhamisi nlikuwa nikenda shambani kwake. Namwambia, "Usimnenepeshe. Mtembeze kwenye mchanga, apate nguvu za miguu." Naye ananikaangia kachori, tunakaa tunazungumza mpaka magharibi. Siku zile nlikuwa na pa kwenda.

Nasma alipofika miaka mitano, Salma akamwandikisha mashindanoni, na jaji mkuu nlikuwa mimi. Nlitakiwa nijitoe. Sikujitoa, kwa sababu kile kiti nlikipenda. Asubuhi ile tunakunywa kahawa, jaji mwenzangu akanambia, "Haya bwana, leo tutaona kama damu ni nzito kuliko maji." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini neno lile likanikaa kifuani.

Nasma akaingizwa uwanjani. Wallahi, sijapata kuona farasi kama yule. Bega limelala, mgongo mfupi wenye nguvu, miguu minne imenyooka. Nikamzunguka mara mbili natafuta ila, sikuiona. Nikainua macho, nikawakuta wenzangu hawamtazami farasi, wananitazama mimi. Khofu ikanishika. Nikaandika kwamba goti la mguu wa nyuma wa kushoto limeingia ndani. Wenzangu hawakubisha, mkuu keshasema. Ushindi nikampa farasi mwengine, nikashika kipaza sauti na kuutangaza ule uongo mbele ya kaumu nzima.

Salma akaondoka upande wa wanawake, akaja mpaka mbele yangu.

"Kaka, mguu gani?"

"Wa kushoto, wa nyuma."

Akainama, akaupapasa ule mguu kutoka juu mpaka kwenye ukwato. "Mguu huu nimeulea mwenyewe. Mbona siuoni ulipopinda?"

Nikamjibu, "Mapenzi yamekupofua, Salma."

Alishika kamba ya Nasma, wakatoka. Wenzangu wakanipiga bega, "Wewe ndo jaji wa haki!" Na mimi nikaipokea ile sifa.

Walokuwa wakimtaka Nasma kwa uzazi wakajitoa wote. Mwaka haukwisha, Salma akamuuza kwa mtu wa mbali. Nliambiwa siku farasi alopakiwa garini, Salma alimshika shingo mpaka wakamtoa kwa nguvu. Tangu hapo hakunipigia simu. Nlienda shambani Alkhamisi mbili, nikakuta mlango umefungwa, na gari yake ipo ndani. Idi zikaja zikapita. Mke wangu alipofariki, Salma alikuja matangani, akakaa na wanawake, akaondoka bila ya kunipa mkono. Ujaji nliuacha nikitoa udhuru wa macho. Macho yangu yalikuwa mazima.

Sasa juma lililopita simu ikalia. Nikasikia, "Kaka, mimi Salma." Nlikaa chini pale pale nlipokuwa.

Akasema, "Nnakuomba radhi. Miaka yote hii nimekukasirikia kwa sababu ulisimama na haki. Hukunipendelea mimi nduguyo wa damu, mbele ya watu wote. Na juu ya hasira zangu, binti yangu nimemlea kwa mfano huo. Namwambia, muangalie mjomba wako. Leo mwenyewe ameanza kujifunza ujaji wa farasi, anataka umfunze wewe. Njoo Ijumaa tule pamoja."

Nlitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni, "Nitakuja, inshallah." Akalia, na mimi nikalia, na nahisi yeye alidhani tunalilia kitu kimoja.

Ndugu zangu, kwa Salma leo mimi ni mtu wa haki, na kwa jina hilo ndo amenirudia. Nikimwambia ukweli, kwamba Nasma alikuwa mzima na mimi nlijua, atajua kuwa alimuuza bure na kwamba nlimdhalilisha ili mimi nisichekwe. Sidhani kama nitampata tena, na umri wenyewe ndo huu. Nikinyamaza, nitakula wali wake na kumfunza binti yake uadilifu nisokuwa nao.

Msinionee haya. Kanzu ya Ijumaa nimeshaipeleka kwa dobi, lakini sijui nikifika mlangoni nitasema nini. Nishaurini: nimwambie mdogo wangu, au ninyamaze nipate pa kwenda?