Shaba ya Madame Régine

Madame Régine Mulenga hakuwa mtu wa kubembeleza. Alifundisha fizikia katika shule moja ya Lubumbashi, na maabara yake ilikuwa chumba chenye meza mbili, mzani, na kipimajoto kimoja alichokitunza kama mboni ya jicho. Vyombo vingine alivitoa jikoni kwake. Ukimcheka alikujibu palepale: mchagua jembe si mkulima.

Basi Osée, préfet wa shule, mkuu wao wote, akakitaka chumba kile kiwe stoo ya madawati mabovu. Régine akawaka. Walibishana mbele ya walimu hadi mama wa watu akajifunga kwa ahadi nzito: atapima shaba mbele ya darasa la sita, ijulikane kilo moja hunywa joto kiasi gani ili ipande digrii moja. Kitabu kinasema jouli 385. Akikosa, ufunguo wa maabara atautoa kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ikafika. Mbabula, lile jiko la makaa, iliwaka makala mlangoni, na sufuria ya maji ikatokota juu yake. Ndani ya maji hayo kilining'inia kwa uzi kipande cha shaba alichoachiwa na marehemu baba yake, mfanyakazi wa reli. Shaba ilipopata moto sawasawa, Régine akainyakua, akaikung'uta matone, akaitumbukiza kwenye termosi ya chai yenye maji baridi aliyokwisha kuyapima. Akakoroga taratibu, akasoma kipimajoto. Joto lililoitoka shaba ndilo lililoingia majini. Hesabu hiyo haina ujanja mwingine. Ubaoni akaandika: maji yanayochemka, digrii mia, kama kitabu kisemavyo.

Jibu likatoka 362.

Akarudia yote tangu mwanzo. Ni 362 tena. Kushindwa kupima shaba, tena ukiwa Lubumbashi, mji wa shaba! Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Madame, tuache tu," préfet alisema, wala si kwa ubaya. "Bintu bya mu jikoni haiwezi kufanya laboratoire. Leta funguo."

Régine akaingiza mkono mfukoni. Macho yake yakatua kwenye sufuria iliyokuwa bado inatokota, na ghafla akakumbuka maharage. Alipokuwa mwalimu kijana kule Matadi, karibu na usawa wa bahari, maharage yaliiva upesi. Tangu arudi huku juu yalimtoa jasho, na lawama zote alimtwisha jirani yake Mama Amida, muuza makala. Je, kama makala hayana kosa?

"Ngoja kidogo, Préfet!"

Kipimajoto kile hakikuwahi kuingia kwenye maji ya moto, jinsi alivyoogopa kisipasuke. Akakipasha kwanza kwa mvuke, akakichovya. Mstari mwekundu ukapanda tisini na nne, tisini na tano, tisini na sita. Hapo ukagoma. Akapuliza makala mpaka maji yakarukaruka, nao haukusogea hata unywele.

"Batoto, muone!" alipaza sauti. "Ule mwenye aliandika kitabu alikuwa kule chini! Huku kwetu hewa iko mwepesi, mayi inatokota ku quatre-vingt-seize!"

Akafuta ile mia, akaandika 96, chaki ikakimbia ubaoni. Jibu: 383, mbili tu chini ya kitabu! Darasa likalipuka, madawati yakageuka ngoma. Préfet akaichukua chaki, akarudia hesabu yote mwenyewe, kisha akacheka kwa nguvu.

"Funguo, ubakie nayo. Lakini siku utapima aluminium, uniite!"

Régine alitoka pale kichwa juu, moyo umemjaa tele. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimama mbele ya magunia ya Mama Amida.

"Mama Amida, makala yako iko muzuri. Tangu zamani ilikuwa muzuri."

Amida akamtazama juu mpaka chini. "Miaka yote unanitukanaka, Mama Régine. Leo nani alikuambia?"

"Shaba ya baba yangu," alisema Régine, akanunua gunia zima.