Serious na Stable

Shemeji yangu Nachisale huuza maandazi sokoni Zomba. Jana daktari alimwambia kwamba mumewe, aliyeanguka kutoka juu ya paa, yuko "serious". Nachisale akafurahi. Kwetu mtu serious ni mchapakazi, hana mchezo. Alikula nsima, ugali wetu, akalala.

Leo ameambiwa mumewe ni "stable". Aliacha sufuria kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa hapa hospitalini, akanishika mkono.

"Shemeji, jana alikuwa anapambana. Leo si serious tena, ndiyo kakata tamaa?"

Mimi Kiingereza sina. Tukamkimbilia nesi.

"Hee, mama, umeyageuza! Serious ndiyo ilikuwa mbaya, tulidhani hatafika asubuhi. Stable ni kwamba hali imetulia."

Nachisale akaketi sakafuni, akalia kilio cha jana.